Kwa Hayo Machache: Dhambi ya Kusimama Bila Kujiandaa



 Leo tunaomba radhi mapema, maana tutasema jambo litakalowachoma baadhi yenu, na wa kwanza kuchomwa ni sisi tunaoandika. Tunasema hivi: mtu anayesimama mbele ya watu ili kuhubiri, kuhutubia, kusoma risala au kutoa salamu, ilhali hakujiandaa, hakosi adabu tu. Anaiba. Anaiba saa za watu, na saa za watu ni sehemu ya uhai waliokopeshwa na Mungu. Aliyeiba kuku aweza kumrudisha. Aliyeiba saa mbili za watu mia tatu atarudisha nini?

Tuanze na tuliyoyaona. Si zamani sana tulikuwa kwenye maziko, katika mojawapo ya vijiji vinavyolizunguka Ziwa Masoko. Marehemu alikuwa baba wa familia, bado kijana. Misa ilikwisha mnamo saa nane mchana, na mawingu yalikuwa yameanza kushuka kutoka mlima Rungwe. Kila mwenyeji wa wilaya hii anajua maana ya mawingu hayo. Kaburi lilikuwa tayari, vijana wamesimama na majembe yao. Ndipo mshereheshaji akatangaza kwamba sasa ni wakati wa salamu za rambirambi.

Wakasimama watu kumi na mmoja. Serikali ya kijiji, ukoo wa baba, ukoo wa mama, chama cha mazao, vikoba, kwaya, jumuiya, na wengine. Kila mmoja alianza kwa kusema kwamba hana mengi. Kila mmoja akawasalimia viongozi wote kwa vyeo vyao, kisha akaongeza kwamba itifaki imezingatiwa. Kila mmoja alisema kwamba marehemu alikuwa mtu wa watu. Kila mmoja, baada ya dakika kumi au kumi na tano, akasema "kwa hayo machache", kisha akakumbuka jingine. Mjane alikuwa amekaa mkekani na mtoto mchanga mgongoni. Saa kumi mvua ikashuka. Watu wakakimbilia migombani na chini ya paa la jirani, na marehemu akazikwa katika tope na watu wanane, kwa haraka, kana kwamba tunaficha kitu. Mjane alilowa mpaka mifupani.

Wapendwa, jioni ile tuliwauliza waombolezaji kadhaa: ni nini kilichosemwa leo juu ya marehemu? Hawakukumbuka. Saa mbili za maneno, na hakuna hata sentensi moja iliyobaki. Isipokuwa moja, nayo tutaieleza hapo mbele.

Lakini kabla hamjawanyoshea kidole wale kumi na mmoja, tuseme ukweli wote. Msemaji wa kwanza siku ile hakuwa wa serikali wala wa ukoo. Alikuwa sisi. Tulifika tukitoka kigango kingine, tumepanda pikipiki kwenye utelezi, na mahubiri ya maziko hatukuyaandaa. Tulijiambia kwamba tumekwisha kuzika wengi, maneno yatakuja tu. Yakaja kweli! Yakaja kwa dakika thelathini na tano. Tulimtaja Lazaro, tukamwacha. Tukamtaja Ayubu, tukamwacha. Tukarudi kwa Lazaro. Kama tungalisema kwa dakika kumi, jeneza lingalishuka kaburini kabla ya mvua. Mwizi wa kwanza alivaa stola.

Basi tuzipime hoja tunazozitumia kujitetea, sisi mapadre pamoja nanyi walei.

Hoja ya kwanza ni ya kiroho, nayo ndiyo hatari kuliko zote. Husemwa kwamba kujiandaa ni kumnyima nafasi Roho Mtakatifu. Kwamba Bwana mwenyewe, katika sura ya kumi ya Injili ya Mathayo, aliwaambia mitume wasihangaike juu ya la kusema, kwa kuwa watapewa saa ileile. Ni kweli aliwaambia. Lakini tusome mahali penyewe. Aliwaambia watu watakaokamatwa na kuburutwa mbele ya maliwali na wafalme kwa ajili ya jina lake. Padre aliyekuwa na siku sita za kuitafakari Injili ya Dominika, akazitumia kwa mengine, hakukamatwa na mtu. Katibu wa kamati aliyejua tangu mwezi uliopita kwamba atasoma risala mbele ya mgeni rasmi, hakuburutwa mbele ya liwali. Ahadi ya wafiadini tumeigeuza kuwa mto wa kulalia wavivu.

Marehemu Baba Mtakatifu Fransisko hakulizungukia jambo hili. Katika waraka wake wa Furaha ya Injili, wa Novemba 2013, alitenga kurasa nyingi kwa ajili ya mahubiri na maandalizi yake. Huko alieleza kwamba mhubiri asiyejiandaa hawezi kujiita mtu wa kiroho. Huyo si mwaminifu, na hawajibiki kwa vipaji alivyopewa. Mwaka 2018 aliwashauri mapadre wasizidishe dakika kumi katika homilia. Mwezi Juni 2024 akapunguza, akataja dakika nane, kwa sababu watu husinzia. Tukumbuke kwamba dakika nane si ruhusa ya uvivu. Kusema kwa saa nzima hakuhitaji maandalizi. Kusema kwa dakika nane kunataka juma zima.

Hoja ya pili ni ya kipaji. "Mimi sikuzaliwa msemaji," husema mmoja, akakataa kabisa kusimama. "Mimi nimezaliwa msemaji," husema mwingine, akakataa kabisa kukaa. Wote wawili wamekosea mahali pamoja: wanadhani kusema ni damu, ilhali ni kazi. Musa alimlalamikia Mungu kwamba yeye ni mzito wa ulimi. Mungu hakumbadilisha ulimi. Alimpa msaidizi, Haruni, akamtuma hivyohivyo. Na karibu mwaka 400, huko Karthago, mji uliokuwa pwani ya nchi tunayoiita leo Tunisia, palikuwa na shemasi jina lake Deogratias, jina ambalo halikosekani katika daftari la ubatizo la parokia zetu. Kazi yake ilikuwa kuwafundisha watu waliotaka kuingia Ukristo. Akamwandikia Mtakatifu Augustino kwamba maneno yake yamekuwa marefu na ya baridi, yanamchosha yeye mwenyewe na kuwachosha wanaomsikiliza. Afanyeje?

Augustino alimjibu kwa kitabu kizima. Augustino huyu kabla ya kuongoka alikuwa mwalimu wa ufasaha mjini Milano, mtu aliyelipwa kwa ajili ya kuwafunza wengine kuhutubia. Naye akamkiri Deogratias kwamba hotuba zake mwenyewe karibu kila mara hazimridhishi. Kisha akampa mashauri ya kibinadamu kabisa: mtazame unayemfundisha; ukimwona anapiga miayo, mwamshe kwa neno la kumchangamsha, au mpe kiti akae, au fupisha. Tazameni, wapendwa! Mwalimu mkubwa wa Kanisa anajali miguu ya msikilizaji. Sisi tunawasimamisha watu juani kisha tunawalaumu kwamba hawana usikivu.

Hoja ya tatu ni ya heshima. Husemwa kwamba maneno mafupi ni dharau. Kwamba marehemu aliyezikwa bila hotuba nyingi hakuheshimiwa, na mgeni rasmi aliyesomewa risala ya ukurasa mmoja atajiona mdogo. Wengine hutukumbusha kwamba Ezra, katika sura ya nane ya kitabu cha Nehemia, alisoma tangu alfajiri hata adhuhuri, na watu wakasikiliza. Vema, tumtazame Ezra. Alijengewa jukwaa la mbao ili aonekane na asikike. Walikuwapo wasaidizi wa kufafanua, ili kila mmoja aelewe. Na watu wakalia, kwa sababu waliyaelewa maneno. Wote hao walijiandaa, kuanzia fundi aliyechonga mbao. Urefu peke yake si dhambi. Dhambi ni urefu usio na sababu, ambao msemaji anausogeza kwa sababu hajui anakokwenda. Hata Paulo, huko Troa, aliongea mpaka usiku wa manane, kwa kuwa kesho yake alikuwa anaondoka, na kijana Eutiko akasinzia, akaanguka kutoka dirisha la ghorofa ya tatu. Paulo alishuka, na kijana akarudishwa akiwa hai. Sisi hatuna kipaji hicho. Basi tuwahurumie wanaokaa madirishani.

Tena tusiwasingizie wazee wetu kwamba ndio waliotufundisha maneno mengi. Godfrey na Monica Wilson, wanazuoni walioishi miongoni mwa Wanyakyusa kati ya mwaka 1934 na 1938, waliandika juu ya ukwangala: ule ushirika mwema wa kukaa na wenzako, kula pamoja na kuongea. Kitabu cha Monica kilichotoka mwaka 1951 kiliuchukulia ushirika huo kuwa kiini cha maisha ya vijiji. Wazee waliamini kwamba mtu hupata hekima kwa kuongea na wenzake. Lakini kuongea ni kupokezana! Katika ukwangala, anayesema husikia pia. Sisi tumeondoa kupokezana, tukabaki na mmoja mwenye kipaza sauti na mia tatu wasio na neno. Huo si utamaduni wa wazee. Ni mazoea mapya, tena yametengenezwa kwa umeme.

Hoja ya nne hutolewa na watu wanyofu. Husema kwamba hotuba iliyopangwa ni ujanja wa wanasiasa. Mtu mkweli husema yaliyomo moyoni. Hoja hii ina uzito. Mwalimu Julius Nyerere, mwana wa Kanisa letu ambaye leo anaitwa Mtumishi wa Mungu, alitafsiri tamthilia ya Shakespeare iliyochapishwa mwaka 1963 kwa jina la Julius Caezar, akairudia na kuitoa tena mwaka 1969 kama Juliasi Kaizari. Kiini cha tamthilia ile ni maziko, na hotuba mbili za maziko. Mmoja anasema, watu wanamkubali. Anakuja wa pili, mwenye ufundi zaidi, anawageuza watu walewale, nao wanatoka wakiwa na hasira ya kuchoma nyumba. Mwalimu alijua vema kwamba ulimi uliofunzwa ni panga: hufyeka magugu, na huua.

Lakini je, kwa sababu panga huua, tulime kwa kucha? Augustino aliliuliza swali hilohilo katika kitabu alichokikamilisha uzeeni kuhusu mafundisho ya Kikristo. Kama ufundi wa kusema hutumika kwa kweli na kwa uongo, kwa nini wenye uongo waseme kwa ufupi, kwa uwazi na kwa mvuto, na watetezi wa ukweli wawe watu wa kuchosha, wasioeleweka wala kuaminika? Swali hili lina miaka elfu moja na mia sita, na bado linatuuma. Vijana wetu wanasikiliza siku nzima watu waliojiandaa: wauzaji wa dawa za uongo, manabii wa utajiri, matapeli wa bahati nasibu. Hao wanajua sentensi yao ya kwanza na ya mwisho. Kisha Dominika vijana hao wanakuja kwetu, nasi tunaanza kwa kutafuta miwani.

Mwalimu mwenyewe alionyesha upande wa pili wa panga. Tarehe 7 Machi 1955 alisimama New York mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa, akiisemea Tanganyika. Alikuwa mwalimu wa Pugu, kijana wa miaka 32. Nyuma yake walikuwapo watu waliochanga ili asafiri, watu ambao wasingeingia kamwe katika chumba kile. Mtu aliyetumwa na watu kwa senti zao hathubutu kusimama akasema "sina mengi" kisha akatangatanga. Basi tujiulize: je, mjane wa Masoko hakututuma? Sadaka inayotoka kwenye mkungu wa ndizi au kilo za chai, si senti zilezile?

Ndugu zangu, hesabu ni rahisi. Watu 300 wakipotezewa dakika 20 kila mmoja, zimepotea dakika 6,000. Hizo ni saa 100: zaidi ya siku nne, usiku na mchana, za maisha ya binadamu. Mwajiri akimnyima mfanyakazi mshahara wa siku nne, tunamhubiria toba. Tujihubirie wenyewe.

Sasa turudi kwenye ile sentensi moja iliyobaki. Miongoni mwa wale kumi na mmoja alikuwapo bibi mmoja, jirani wa marehemu. Alizungumza kwa muda usiofika dakika tatu. Alisema kwamba kwa misimu miwili, tangu goti lake liharibike, kijana yule alimbebea mahindi yake mpaka mashineni, akarudisha unga, na hakuchukua hata sahani moja. Akamgeukia mjane, akasema: "Mwanangu, deni lake sasa nitakulipa wewe." Akakaa. Watu walinyamaza kabisa. Baadaye tulimuuliza aliyapata wapi maneno yale. Akatujibu kwamba usiku wa mkesha hakuimba. Alikaa pembeni, akajiuliza kama angeruhusiwa kusema jambo moja tu, liwe lipi. Alipolipata alilisema polepole mara tatu, peke yake, ili asilie katikati.

Bibi huyu hakusoma ufasaha mahali popote, lakini kila kitu ambacho walimu wa ufasaha hufundisha alikifanya. Tukijifunze kwake.

Kwanza, alijua lengo. Hakusimama ili aonekane, bali amfariji mjane. Kabla ya kusimama tujiulize: nikimaliza, nataka hawa wajue nini, au wafanye nini? Asiye na jibu na abaki ameketi, hiyo nayo ni huduma.

Pili, alichagua jambo moja. Liandikwe katika sentensi moja. Ikishindikana, ujue bado hujaelewa unachotaka kusema, na hakuna atakayeelewa kwa niaba yako.

Tatu, aliwajua wasikilizaji. Alisema juu ya mahindi na unga kwa watu wa mahindi na unga. Wapo kati yetu wazee ambao Kiswahili cha vitabuni huwapita kama gari la abiria lililojaa. Neno moja la Kinyakyusa mahali pake huwasimamishia gari hilo. Bwana wetu alisema na wavuvi juu ya nyavu.

Nne, aliyatamka kabla. Hili tunawasihi hasa makatekista na wasomaji wa masomo. Katekista anayeongoza Ibada ya Neno kigangoni, pasipo padre, ndiye Kanisa lote kwa watu wale asubuhi ile. Msomaji anayelifungua somo kwa mara ya kwanza akiwa mimbarini, akajikwaa kwa Wathesalonike, amemkwaza Paulo kuliko Wathesalonike wenyewe. Soma Jumamosi, kwa sauti, mbele ya mtu. Tangu maaskofu wa AMECEA walipozipa jumuiya ndogondogo kipaumbele mwaka 1976, karibu kila mlei anaitwa kusema. Neno limekabidhiwa mikononi mwa wengi; na liandaliwe na wengi.

Tano, aliujua mwisho wake. Sentensi ya mwisho iandaliwe kama ya kwanza, na ikishatamkwa, mtu akae. Na mvua ikianza kupiga juu ya mabati, msemaji asishindane nayo. Anyamaze, waumini wasali kimya, mpaka ipungue.

Tukitaka kielelezo, tunacho jirani. Ziwa Masoko ni dogo. Kipenyo chake hakifiki hata kilomita moja. Lakini kina chake kinazidi mita thelathini. Hotuba zetu nyingi ni dimbwi la masika: pana sana, na kuku huvuka kwa miguu.

Basi sisi tumeazimia hivi, nanyi mtudai. Kila Alhamisi jioni tutakuwa na sentensi moja ya homilia, imeandikwa. Homilia haitazidi dakika kumi. Matangazo hayatakuwa marefu kuliko Injili. Na katika maziko tutaziomba kamati ziteue wasemaji watatu tu, waambiwe tangu jana yake. Wengine waandike salamu zao, wazikabidhi kwa familia, wafiwa wazisome nyumba itakapokuwa kimya. Karatasi haiogopi mvua ikiwa ndani ya nyumba.

Tulikwenda kumwomba radhi yule mjane. Hakutulaumu. Alituambia tu kwamba mtoto alikohoa juma zima. Tangu siku ile, kila tunapotaka kusimama bila kujiandaa, tunakisikia kikohozi hicho.

Tumwombe Bwana, aliye Neno, aliyenyamaza miaka thelathini Nazareti kabla ya kuhubiri mitatu, atupe upendo wa kujiandaa na unyenyekevu wa kukaa chini. Amina.